Mwanamke Aliyekataa Kunisuka

Nywele zangu zilianza kudondoka mwezi wa nne baada ya kujifungua, nikiwa ndiyo kwanza nimerudi kazini. Nafundisha shule ya msingi nje kidogo ya mji wa Tukuyu. Asubuhi hiyo nilikuwa nachana nywele ili nizibane nyuma, chanuo likatoka limejaa. Nikalisafisha, nikachana tena, likajaa tena. Mtoto huyo, msichana na mwanangu wa kwanza, alikuwa amelala kitandani akinitazama, nami nikaficha lile fungu la nywele mfukoni mwa gauni kana kwamba angeweza kunisema kwa baba yake.

Niseme ukweli, sikuwa najua chochote kuhusu nywele. Nimezaliwa Isongole, kwenye viazi na baridi, na utotoni kwetu kichwa kilikuwa kitu cha kunyolewa tu. Baba alitupanga kwenye kigoda, wasichana kwa wavulana, akatunyoa kwa mkasi mmoja. Shule ya msingi tulinyoa. Sekondari tulinyoa. Nywele za kufika shingoni nilizipata chuo cha ualimu, nikiwa na miaka ishirini na moja, nikafanya kama walivyofanya wenzangu wa bwenini: nikatia dawa, zikalala, nikafurahi. Zioshwe vipi, na mara ngapi, hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza. Nilikuwa kama mtu aliyepewa ng'ombe wa maziwa asijue anakula nini.

Basi zilipoanza kudondoka nikafikiria uchafu. Mtoto alikuwa anacheua maziwa begani kwangu, nilikuwa natoka jasho usiku, kichwa kilikuwa kinawasha na kina mba. Nikaamua kuosha kila siku. Niliamka kabla ya adhana, nikachukua ndoo ya maji na kipande cha sabuni ya mche, ile ile ya kufulia nepi, nikasugua kwa kucha mpaka ngozi ikawa ya moto. Wa kwetu wanajua mvua za Tukuyu zilivyo. Nguo ukianika Jumatatu unaweza kuianua Alhamisi ikiwa bado ina unyevu, na nywele ni hivyo hivyo. Nilizifunga mbichi ndani ya kitambaa, nikaenda darasani. Kufika saa nane mchana kichwa kilikuwa kinanuka kama tambara la jikoni, kwa hiyo kesho yake nikaosha tena kwa nguvu zaidi.

Walimu wenzangu walinishauri kwa mapenzi. Mmoja alisema maji ya kitunguu. Mwingine alisema yai. Wa tatu alisema kuna mtu amenitazama vibaya nilipokuwa mjamzito, nimwombe mchungaji aniombee. Nilifuata yote. Baada ya wiki sita pande zote mbili za paji la uso zilikuwa zimebaki ngozi tupu.

Wakati huo mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Masoko kunilelea mtoto. Ni mwanamke wa maneno machache, tunazungumza naye Kinyakyusa nyumbani, na Kiswahili anakitumia akitaka jambo lisikike kama amri. Yeye mwenyewe alikuwa ananyoa kipara. Alinyolewa siku walipomzika mume wake, na tangu hapo, miaka kumi na mitatu, hakuziacha ziote tena. Aliponiona nimesimama mbele ya kioo asubuhi moja, akaniambia kwa Kiswahili:

"Nyoa, mwanangu. Nywele si kidole."

Alisema kweli, kidole kikikatika hakioti. Lakini kwetu mwanamke mtu mzima akionekana amenyoa, watu humuuliza amefiwa na nani. Niliwaza nikiulizwa hivyo sokoni, na wazazi wa wanafunzi, na kanisani, nikiwa na mtoto mzima wa afya mgongoni. Nilimwambia nitafikiria, nikaingia bafuni nikalia, nikafungulia bomba ili asisikie.

Mahafali ya darasa la saba yalikuwa yanakaribia na mimi ndiye niliyepangwa kusimama mbele na kuita majina ya wahitimu. Nikaamua kwenda kusuka rasta zifunike aibu yote. Nyuma ya soko kulikuwa na saluni ndogo ya mwanamke wa makamo, Mwislamu, ambaye babu yake alitoka pwani kuuza vitambaa akaoa huku na kubaki. Yeye kazaliwa Tukuyu, na Kinyakyusa chake ni safi kuliko changu. Sikuwa namfahamu, ingawa yeye alijua mimi ni mwalimu; nilimchagua kwa sababu siku hiyo hakuwa na foleni.

Alinikalisha, akanifungua kitambaa, akatenganisha nywele kwa mkia wa kitana. Kisha akaniuliza naosha mara ngapi. Nikamwambia kila siku, nikasema kwa fahari kidogo, kwa sababu nilidhani atajua mimi ni mtu msafi. Akauliza kwa sabuni gani. Nikamwambia. Akarudisha kitambaa kichwani kwangu taratibu, kama mtu anayefunika chakula.

"Mwalimu, hiki kichwa sikisuki," alisema. "Rasta zitazing'oa hizi zilizobaki, na upara wako utakuwa ni kazi ya mikono yangu."

Nilikasirika. Nilisimama nikamwambia saluni ziko nyingi Tukuyu. Akakubali kwamba ziko nyingi, akanionyesha ya ng'ambo kwa kitana chake, bila hasira yoyote. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiuliza:

"Una mtoto mchanga?"

Nadhani aliona doa la maziwa kwenye blauzi. Nikamwambia ndiyo, ana miezi mitano na nusu. Akasema zake pia zilidondoka, kwa watoto wake wote watatu, na kila mara zilirudi. Mwili ulizishikilia wakati wa mimba, sasa unaziachia, ndivyo ulivyo. "Hizo zinadondoka zenyewe na zitaota zenyewe. Hizi za pembeni ndizo unazing'oa wewe."

Katika ushauri wote niliopewa, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba zitarudi. Nilirudi kwenye kiti nikakaa, na machozi yakanitoka. Hakunibembeleza. Aliweka sufuria ya maji kwenye jiko la mkaa.

Alianza kwa mafuta ya nazi, ambayo ndugu zake walimtumia kutoka pwani, akapaka ngozi na ncha, akaniacha nikae nayo nikinywa chai. Halafu akazigawa nywele mafungu manne, akayabana, akafungua moja moja. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Shampuu aliichanganya na maji kwenye kikombe kwanza, akaimimina kwenye ngozi tu, akasugua kwa nyama za vidole, na kila nilipoinua mkono kujikuna aliurudisha mapajani kwangu. Ngozi ndiyo inayooshwa, alisema, nywele zinajioshea kwa povu linaloshuka. Akasuuza mpaka nikachoka kuinama, kwa sababu sabuni inayobaki ndiyo inayowasha, na mtu akiwashwa anadhani ni mchafu. Hakutumia taulo. Alinikausha kwa fulana kuukuu ya pamba, kwa kubonyeza bila kusugua, akanikalisha karibu na jiko mpaka zikakauka kabisa.

Aliniambia mara moja kwa wiki inatosha. Miezi ya mvua kubwa hata siku kumi si vibaya, bora nichague siku iliyoamka na jua na nimalize kabla ya saa sita, nisilale wala kufunga kitambaa na nywele mbichi. Nikikosa mafuta ya nazi, nichukue parachichi lililoiva sana, yale ambayo kwetu huachiwa nguruwe. Kila Jumamosi nije anitazame. Dawa ya kulaza nisahau kwanza.

Jumamosi iliyofuata mama mkwe alisema tutakwenda wote. Alimbeba mtoto mgongoni na hakunieleza sababu, lakini nilielewa kwamba anataka kumwona huyo mtu aliyenifanya nisinyoe. Njia nzima nilikuwa na wasiwasi. Alikaa kwenye benchi akitazama kila kitu kuanzia mafuta mpaka fulana, mdomo ameubana. Nilipomaliza, mwenye saluni alimgeukia, akamsalimu kwa heshima kwa Kinyakyusa, akamuuliza kama na yeye angependa kuoshwa.

Mama mkwe alicheka. Alisema yeye hana nywele.

"Kichwa kipo, Mama," mwenye saluni alijibu.

Sikutegemea akubali. Alinipa mtoto, akafungua kilemba chake, akakaa kwenye kiti kile na mikono ameikunja kama yuko mbele ya balozi wa nyumba kumi. Mwenye saluni alifunga mlango ili wapita njia wasichungulie. Alimpaka mafuta kwenye kipara chake, akamkanda nyuma ya masikio na kisogoni, akammiminia maji ya uvuguvugu kidogo kidogo. Nilimwona mama mkwe akifumba macho, mabega yakishuka.

Kisha akazungumza, macho yakiwa bado yamefumbwa. Alisema mtu wa mwisho kumwosha kichwa alikuwa mama yake mzazi, kabla hajaolewa. Baada ya hapo alijiosha mwenyewe, haraka haraka, kwa maji yaliyobaki baada ya wengine. Na siku ya msiba wanawake walimnyoa huku analia, wembe ukamkata juu ya sikio, hakuna aliyeona. Alionyesha mahali. Mwenye saluni alipagusa kwa kidole, akapasuuza polepole, akasema tu, pole.

Alipokaushwa, mama mkwe alisema, "Ndaga fijo," asante sana, mara mbili. Njiani kurudi nyumbani alinitaka nitembee upande wa jua, nywele zangu zisishike unyevu.

Siku ya mahafali nilikwenda na kilemba cha kitenge ambacho mwenye saluni alinifunga mwenyewe asubuhi ile, kikubwa na cha kujidai. Niliita majina yote. Mama mmoja wa mwanafunzi aliniuliza nimefungwa na nani, nikampeleka.

Mwezi wa tatu wa Jumamosi zangu niliona vinywele vimesimama kwenye ukingo wa paji la uso, vifupi na vigumu, havikubali kulala kwa mafuta wala kwa maji. Nilimwita mume wangu aje aone. Aliinama akavitazama kwa muda mrefu, akasema amefurahi, kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua. Miezi ile yote, alipokuwa anasema anaamka mapema kuwapa kuku chakula, alikuwa anaingia kwanza bafuni na waya, anatoa nywele zilizoziba mfereji, anakwenda kuzifukia kwenye migomba ili mimi nisizione zimekuwa nyingi kiasi gani. Mimi nilidhani maji yanapita vizuri tu. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alisema nilikuwa tayari na watu wengi wa kuniambia.

Nikiwahesabu walionisaidia mwaka ule, namweka na yeye, na sijui nimpange wa ngapi.

Mama mkwe alirudi Masoko kuvuna kahawa yake. Krismasi alikuja kula na sisi, akashuka kwenye bodaboda na kapu la ndizi na kuku wawili. Tulipoingia ndani akafungua kilemba ili akifunge upya, na nywele zilikuwepo, urefu wa pingili ya kidole, nyeupe zote kichwa kizima. Mume wangu, ambaye hakuwahi kumwona mama yake na nywele tangu alipokuwa kijana, alibaki ameshika kapu mkononi. Mama mkwe yeye alichotaka kujua ni kama yule mama wa nyuma ya soko anafungua Jumamosi hii.

Alikuwa anafungua. Tulifika mapema, kabla ya mvua. Mama mkwe alikwenda moja kwa moja kwenye kiti, akakaa wa kwanza, nami nikakaa kwenye benchi na mtoto nikisubiri zamu yangu.