Karafuu za Wageni wa Karavani

Juzi niliona karavani ya watalii njia ya Ibra, watu wazima wananusa gilasi, nikawadharau upya.

Utotoni, wenzao walipiga kambi karibu na mitende yetu. Mama akanituma niwapelekee mishkaki, inanukia ukwaju na moshi. Nikawakuta wanasukutua maji mekundu, kisha wanayatema ndooni. Nyama hawakuigusa. Nikakimbia nyumbani.

"Mama, masikini, wallahi meno yanawauma wote."

"Wapelekee karafuu basi, mwanangu, waweze kutafuna."

Karafuu wakazitia kwenye gilasi, wakanusa, wakatikisa vichwa kama makadhi. Leo najua yale maji mekundu yalikuwa mvinyo. Mishkaki wakampa mbwa wao.

Nikarudi mbio, daktari wa meno mzima ambaye hata shule sikuja kumaliza.

"Wamekula?"

"Imekwisha yote, mama."

Mama alifurahi wiki nzima. Pale kambini, mwenye adabu alikuwa mbwa peke yake.