Katoni za Kuulia Sangari

Naftaly wa Kiamunyi alikuwa na maadui wawili: pombe na sangari. Pombe aliiacha baada ya Wamuyu, mkewe, kufungasha nguo akarudi kwao Gilgil, na tangu mkewe arejee hajaonja hata tone. Sangari ndiyo iliyomshinda. Aling'oa, akachimba, akaapa, lakini nyasi hiyo yenye mizizi kama waya ilirudi na ndugu zake. Dawa ya kupuliza Wamuyu aliikataa katakata, maana kuku wake walikula humo bustanini.

Jeff, jirani yao, fundi wa stima asiyejua hata ladha ya bia, ndiye aliyemfundisha. Fyeka hadi chini, tandika katoni zilizolowa maji, funika kwa vumbi la mbao. Sangari ikikosa jua itakufa yenyewe. Katoni kubwa zilikuwa tele nyuma ya baa pale stejini, na hapo Naftaly akasita. Nani angeamini amefuata makaratasi tu?

"Wewe kaa, mzee. Mimi nitakuletea," Jeff akasema, akazibeba kwa pikipiki yake.

Sangari ikafa kweli. Naftaly akawa anatembea kwenye bustani yake kama chifu.

Ndipo wazee wa kanisa wakaja kumtembelea, kwa kuwa jina lake lilikuwa limependekezwa ajiunge nao. Kuku nao, viumbe wasio na adabu, walikuwa wameshachakura vumbi lote. Wageni wakapokelewa na picha za chupa za viski, bustani nzima.

"Naftaly," akasema Hezekiah, kiongozi wao, "hii ni nini?"

Ukweli ungemtosha. Wote pale walikuwa wakulima, wangemwelewa na kucheka. Lakini aliona wanavyotazamana, na woga ukautangulia ukweli mdomoni.

"Si zangu. Ni za huyu Jeff. Si mnajua vijana na pombe."

Jeff alikuwa langoni, amewaletea wageni viti kutoka kwake. Akaviweka chini polepole, akamtazama Naftaly, kisha Wamuyu.

"Ni kweli, wazee. Ni mimi niliyezileta."

Wamuyu, aliyejua yote, akaingia jikoni.

Hezekiah akasikitika. Akasema mlevi huombewa vizuri na aliyewahi kulewa. "Naftaly, mwekee mkono."

Hata hapo angeweza kusema. Jeff alikuwa ameshavua kofia, amepiga magoti. Naftaly akaweka mkono juu ya kichwa cha rafiki yake, aibu ikimchoma hadi masikioni, akamsihi Mungu amtoe kijana huyu kwenye ulevi. Aliomba vizuri mno, mpaka mzee mmoja akafuta machozi. Jeff akaitikia amina kwa sauti, akainuka, akaanza kupanga viti.

Hezekiah akampa Naftaly mkono, akasema kanisa limepata mzee. Wamuyu akatoka na birika la chai, akawapita wazee wote, akaanza na Jeff.