Weupe Kwenye Memori ya Mwalimu Lusia

Paskazia Mageni alizaliwa Ibadakuli, karibu na uwanja wa ndege wa Shinyanga, katika nyumba ya wafugaji iliyokuwa na redio moja mbovu. Akiwa darasa la tano aliifungua redio hiyo kwa kisu cha jikoni. Alichapwa kwa kuifungua, na siku ya tatu baba yake akasikiliza taarifa ya habari kwenye redio hiyo hiyo. Baadaye alisomea ufundi Shinyanga mjini, kisha miaka saba iliyopita akahamia Katoro, ambako watu hununua kompyuta kabla hawajajua pa kuziweka. Chumba chake cha kazi kiko nyuma ya duka la makoleo na sururu.

Ana miaka thelathini na tisa, si mwongeaji, na ana sheria moja: habadilishi vitu viwili kwa mpigo. Wateja wenye haraka huwaambia, "Nikibadilisha viwili ikapona, sitajua kilichokuwa kinaumwa ni kipi."

Kwa sheria hiyo alikuwa ametibu mashine nyingi. Ya Mwalimu Lusia ilimshinda.

Lusia anafundisha darasa la sita, na kompyuta yake ya mezani ndiyo aliyotungia mitihani ya shule tatu za jirani. Mume wake, Valerian, hununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Wana mtoto mmoja, Noela, wa miaka minne. Kompyuta ilianza kuganda mwezi wa pili, halafu ikawa inajizima yenyewe katikati ya kazi. Paskazia alianza kwa kubadilisha pawa saplai, kisanduku kinachogawa umeme ndani. Ikatulia siku nne. Akachomoa memori, kile kibamba chembamba cha kumbukumbu, akasugua kwa ufutio wa penseli meno ya dhahabu yaliyo ukingoni mwake, akairudisha. Ikaenda mwezi mzima, kisha ikaanza tena. Akakwangua kwa bisibisi vumbi lililoganda kwenye bamba la alumini linalopoza prosesa. Haikusaidia. Mwishowe akaweka memori mpya, iliyotoka kwenye pakiti mbele ya macho ya Lusia.

Wiki tatu baadaye simu ikaita.

"Fundi, safari hii haiwaki kabisa. Inapiga mlio tu."

"Mlio mrefu, mara tatu?"

"Hivyo hivyo."

Ulikuwa mlio wa memori. Memori ya wiki tatu!

Jumamosi asubuhi akaenda nyumbani kwao na mkoba wa vifaa, akiwa ameamua kwamba tatizo ni umeme wa nyumba. Alipima soketi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Umeme ulikuwa safi. Akailaza kompyuta mezani, akafungua ubavu wake, akamwomba Lusia amulike kwa tochi ya simu. Akachomoa memori.

Meno yake hayakuwa ya dhahabu tena. Yalikuwa meupe, ya kijivujivu, yenye mng'ao wa bati.

Alifikiri amekosea. Akasoma namba aliyoiandika pembeni kwa kalamu. Ilikuwa ile ile. Akayasugua kwa ufutio; weupe haukutoka. Haukuwa uchafu uliokaa juu, dhahabu yenyewe ilikuwa imegeuka.

"Mulika hapa, Mwalimu," akasema, akionyesha lile bamba la alumini.

Pale alipokuwa amekwangua kwa bisibisi kulikuwa kumeota kitu. Nyuzi nyeupe, laini, zimesimama kama ukungu wa mkate uliosahaulika kabatini. Alipozigusa kwa ncha ya bisibisi zikavunjika na kuwa unga, na chini yake alumini ilikuwa imelika hadi kufanya shimo.

Paskazia alirudi nyuma hatua mbili. Alikuwa amewahi kuona nyuzi hizo mara moja tu maishani. Kaka yake alirudi kutoka machimboni Geita na kichupa cha zebaki, ile wanayonasia dhahabu kabla ya kuichoma, kikavujia kwenye sufuria ya alumini ya mama yao. Asubuhi sufuria ilikuwa imeota manyoya meupe, na kufikia jioni ilikuwa imetoboka. Mama alilia akidhani wamerogwa.

"Mama Noela," akauliza taratibu, "humu ndani mnachoma dhahabu?"

"Humu? Hapana. Baba Noela anachomea stoo." Lusia akaelekeza ukuta wa pili. "Zamani alikuwa anachomea uani, lakini watu wakawa wanachungulia. Tangu mwaka mpya amehamia stoo."

Paskazia akatazama juu. Ukuta kati ya stoo na chumba kile haukufika kwenye bati. Palibaki nafasi ya kupitisha mkono, urefu wote wa chumba. Kila jioni Valerian alipoweka dhahabu yenye zebaki kwenye jiko la mkaa, zebaki ilipanda kama moshi usioonekana, ikavuka ukuta, ikashuka huku. Na feni ya kompyuta ilikuwa ikiivuta siku nzima.

Hapo ndipo alipoona mwanga wa tochi. Ulikuwa ukicheza juu ya mazabodi, bamba kuu la kompyuta, kushoto, kulia, kushoto. Akageuka kumwangalia aliyeishika.

"Mkono wako umeanza kutetemeka lini?"

Lusia akaushusha haraka, kama mtu aliyefumaniwa. "Kama mwezi wa tatu. Nimepimwa malaria, nimepimwa presha, hamna kitu. Wanafunzi wananicheka mwandiko wa ubaoni. Usingizi sipati. Kanisani wameniombea." Akajaribu kutabasamu. "Kwani wewe siku hizi unatengeneza na watu?"

Paskazia hakucheka. Pembeni ya meza kulikuwa na kitanda kidogo chenye shuka la maua.

"Noela analala wapi?"

Lusia alikitazama kitanda, akatazama ile nafasi juu ya ukuta, akatazama mkono wake. Kisha akamwita mama yake kwa Kisukuma, kwa sauti ndogo sana, "Mayu wane!" Akakaa chini sakafuni.

Valerian alifika saa sita mchana. Aliposikiliza alikasirika.

"Fundi, kompyuta imekushinda, sema imekushinda. Miaka kumi na tano nachoma dhahabu, mbona niko hai?"

Mkobani Paskazia alikuwa na memori mpya ya kubadilishia. Akaifungua, akamwekea kiganjani, na pembeni yake akaweka ile ya wiki tatu.

"Mimi ni fundi wa kompyuta tu, shemeji. Dhahabu unaijua wewe. Hizi zilikuwa sawa. Niambie hii imepatwa na nini."

Valerian akaisogeza dirishani. Akaikwaruza kwa ukucha, akaigeuza, akaikwaruza tena. Ile hasira ilimtoka usoni kidogokidogo. Kila siku ya kazi yake aliona dhahabu ikigeuka nyeupe namna ile kwenye karai.

"Imeshika zebaki," akasema. "Mliipaka?"

"Hakuna aliyeipaka. Ilikuwa ndani ya kompyuta, kwenye chumba anacholala mwanao."

Memori ikamponyoka, ikaanguka. Hakuinama kuiokota. Aliingia stoo, wakasikia akilikokota jiko la mkaa kulipeleka nje.

Kesho yake Lusia na Noela walisafirishwa hadi Kambarage, Shinyanga, kwa dada yake Lusia. Daktari alituma mkojo wao Mwanza ukapimwe sumu ya zebaki. Majibu yalichukua wiki tatu: ya mtoto yalikuwa ya kutia hofu, ya mama yalikuwa mabaya sana. Waliambiwa tiba ya kwanza ni kutorudi kwenye nyumba ile, wakapanga nyingine. Noela alichangamka upesi. Mikono ya Lusia imetulia, lakini si kama zamani. Bado kikombe cha chai hukishika kwa mikono miwili, na ubaoni huandikiwa na kiongozi wa darasa. Valerian siku hizi huchomea mbali na makazi, kwa chombo cha kufungwa kinachorudisha zebaki kwenye maji, na bado hujilaumu kila anapomwona mkewe akinywa chai.

Paskazia alitoa diski yenye mitihani, na mashine yote iliyobaki akaifunga kwenye mifuko mitatu ya nailoni. Hakukubali kuitengeneza.

Jumatatu iliyofuata Jumamosi ile, hakufungua ofisi. Alikaa sakafuni na boksi la memori mbovu za miaka saba, ambazo kila moja ina jina la mteja. Akazipanga kwenye mwanga. Nne zilikuwa nyeupe. Zote alikuwa amezisugua kwa ufutio, akazipuliza kwa mdomo wake mwenyewe, akaandika "zimeoza," akazitupa humo bila kujiuliza chochote. Jina moja lilikuwa la mama aliyezikwa mwaka juzi, na watu walisema kilichomuua ni mishipa.

Alifunga mlango, akaita bodaboda impeleke kwenye nyumba za majina yale. Katika nyumba ya kwanza walimfukuza. Katika ya pili, mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwita mjukuu wake na kumwambia, "Mnyooshee fundi mikono aione."