Jiwe Nililolikubali kwa Macho

Nakumbuka asubuhi moja ya manyunyu kule Ringwani, ukungu umelala juu ya mto hata ng'ambo haionekani, nami nimesimama ukingoni mwa shimo na mwavuli wangu, mhandisi mpya, buti safi kabisa. Sijui kwa nini asubuhi ile hunijia kila ninapofumba macho. Leo uliponionyesha muhuri wako mpya wa uhandisi, mwanangu, imenijia tena.

Tulikuwa tunajenga daraja la waenda kwa miguu. Watoto wa ng'ambo walivuka mtoni kwenda shule, na mvua zikichanganya walikaa nyumbani hata wiki nzima. Kazi yangu ilikuwa kukagua shimo la nguzo, kuthibitisha kwamba msingi umefika kwenye mwamba, kisha nisaini ili zege limwagwe kesho yake. Mafundi walikuwa wamechimba wiki tatu, nami wiki zote hizo nilikuwa nakagulia garini. Usicheke. Isitoshe, nimezaliwa Kilombero, kwenye udongo mweusi ambao jiwe la kufukuzia kuku unalitafuta mpaka unachoka. Nikachungulia toka juu, nikaona kitu cha kijivu kimejaa shimo zima. Mwamba huo! Nikasaini palepale, karatasi nimeiegemeza kwenye mlango wa gari. Msimamizi wangu akaichukua, akaondoka nayo mjini.

Fundi mawe wetu tulimwita Tata Mwita, maana tata kwa lugha ya kule ni baba. Alikuwa ameketi pembeni, nyundo magotini. Alingoja nifunge mwavuli.

"Umeligonga?"

"Nimeliona, tata."

"Na mnadani ng'ombe unamwona tu? Humfungui mdomo ukaangalia meno?"

Nilichukia, nisikufiche. Mimi na shahada yangu, mzee wa nyundo ananifundisha habari za ng'ombe! Yeye hakubishana. Alinipandisha kilimani hatua chache, akagonga mwamba uliochomoza. Ukalia ngaaa, sauti ikatembea ndani ya ukungu, ikaenda zake. Kisha tukashuka shimoni, buti zikazama, akanipa nyundo nigonge mwenyewe. Du. Basi. Nikagonga tena, nikiomba Mungu jiwe lilie. Halikulia.

"Hilo limelala tu," akasema. "Huku kwetu mawe ya namna hiyo yamejaa ardhini, mengine kama nyumba. Chini yake ni udongo."

Tukachimba pembeni. Saa nane mchana mtaimbo ulipita chini ya jiwe bila kugusa kitu kigumu. Nilikaa chini kwenye tope, nikaona kama ndoto vile: mto unaula ule udongo kidogo kidogo, nguzo inainama, na watoto wako juu ya daraja na sare zao.

Nikamfuata msimamizi mjini.

"Dada, usijitie aibu," akaniambia. "Zege likishamwagwa, jiwe ataliona nani?"

Nikaiomba karatasi yangu, na chini ya saini nikaandika: nimekosea, sikukagua, zege lisimwagwe. Nikamrudishia.

Mvua zikaingia, daraja likasubiri mwaka mzima. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama mama mmoja, Bhoke, mwanawe yuko darasa la kwanza. "Wewe una gari," akasema. "Mwanangu atavukaje?" Niliwaambia ukweli, kwamba ningeshuka shimoni wiki ya kwanza, tungepata muda wa kuchimba zaidi. Na mvua zote zile, Bhoke alivuka na mtoto mgongoni, maji kiunoni, nami nilikuwa nasimama ukingoni nikimtazama mpaka afike.

Kiangazi kilichofuata tulichimba mpaka nyundo ikalia. Tata Mwita aliinamisha kichwa, akasikiliza, akasema, "Sasa saini."

Juzi nilipita pale. Maji yamejaa, ya kahawia, daraja limetulia. Bhoke, mzee sasa kama mimi, alikuwa anavuka taratibu amemshika mjukuu mkono. Tulisalimiana. Hakunishukuru, wala mimi sikutegemea.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Usithibitishe kitu ambacho hukukishika. Anayekuuliza swali, hata kama hajasoma, mjibu kwa kwenda kuangalia. Ukikosea, sema mapema, na useme kwa wale watakaoumia, si kwa wakubwa zako tu. Utaaibika, ndiyo. Mimi niliaibika na bado nipo. Lakini kuna mtu atakuja kupita juu ya saini yako na mtoto mkononi, hakujui, hata jina lako hajawahi kulisikia, na hatatazama chini.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde, akupe kazi nyingi na masikio ya Tata Mwita, na kila utakaporudi kunisalimia nikuone na tope kwenye buti.