Mama wa Mgonjwa wa Kompyuta

Chuo kizima cha udaktari kilimwita Mama Mgonjwa, na wala hakuwa mgonjwa; mzima wa afya, mdomo mkali kama pilipili. Kazi yake ilikuwa kulia. Msicheke, ndiyo kazi. Wanafunzi walivaa miwani mikubwa ya kompyuta inayoziba macho kabisa, wakajiona wote wako wodini, mbele ya mzazi anayevuja damu baada ya kujifungua. Yeye alikaa nyuma ya kioo na maikrofoni, akawa sauti ya mama wa mzazi huyo: "Jamani, mwanangu! Mwanangu ananifia!"

Fundi wa mitambo, mtani wake, alimwuliza siku moja kilio kile alijifunzia wapi.

"Kwenye harusi yako," akamjibu.

Uongo mtupu. Alijifunzia wodini, pale binti yake wa pekee alipojifungua, akavuja damu mpaka akakata roho. Daktari alipaza sauti, "Damu iletwe!" Mle ndani watu kibao, kila mmoja akadhani mwenzake ameifuata. Damu haikuja.

Mkwewe, mume wa marehemu, alitaka kushtaki. Yeye ndiye aliyemzuia. "Baba, siku yake ilikuwa imefika. Hata wangefanya nini, asingepona." Mkwe alikasirika, akamchukua kichanga akahamia kwao, na simu zikabaki za salamu tu. Lakini mama mtu alilishikilia neno lake, maana bila hilo angelala vipi? Na chuoni ndiko alikopata nguvu ya kulishikilia. Kundi baada ya kundi lilipwaya. Vijana wenye akili zao walipiga kelele "Damu! Damu!" huku wakitegeana, mpaka fundi akabonyeza kitufe na moyo wa kwenye skrini ukasimama. Hapo roho ya mama mtu ikatulia. Si unaona? Kazi ngumu hii, hata wangefanya nini. Ni aibu kufurahia jambo kama hilo, lakini ndivyo alivyojituliza.

Basi, Jumatatu moja likaingia kundi jipya. Kiongozi wao binti mwembamba, sauti imemkauka kwa mafua.

"Hawa hawafiki popote," fundi akanong'ona.

Damu ilipoanza kumwagika, yule binti hakupiga kelele. Alimwita mwenzake kwa jina, akamwambia, "Wewe piga simu benki ya damu, ukimaliza niambie."

"Napiga simu benki ya damu," kijana akarudia.

Mwingine akaitwa kwa jina lake, akaambiwa akande tumbo la mzazi, naye akarudia alichoambiwa. Mara yule wa simu akasema, "Nimepiga. Damu iko njiani." Mwanafunzi wa mwisho akageukia ilikotoka sauti ya mama: "Mama, binti yako anavuja damu, lakini tuko naye. Njoo umshike mkono."

"Lia basi!" fundi akamgusa bega.

Hakuweza. Siku ile ya binti yake hakuna aliyemwambia hivyo. Presha iliyokuwa imeshuka kwenye skrini ikapanda, ikapanda tena, mgonjwa akafumbua macho. Chai ya fundi ilikuwa bado ya moto.

Kama ilivyo desturi yao kila zoezi likiisha, mwalimu akawasha spika. "Mama wa mgonjwa, una neno gani kwa timu?"

Siku zote aliwapoza: mmejitahidi, wanangu. Leo alisema, "Kumbe inawezekana."

Wanafunzi wakapiga makofi. Walidhani wamesifiwa.

Alitoka kwenye korido, akaegemea ukuta, akampigia mkwewe.

"Shikamoo, mama. Kwema?"

"Marahaba. Baba, angepona," akasema. "Mwanangu angepona. Nilikufunga mdomo bure, nisamehe."

Mkwe akaanza kulia kwa sauti, mwanamume mzima, na mama mtu akatafuta neno la kumbembeleza asilipate.