Mkono wa Dada

Dada yangu alipiga chapa ofisini miaka thelathini na moja. Siku mashine yake ilipotolewa ikaletwa kompyuta, ile ya kioo, walimtoa naye. Tangu hapo anatengeneza wanasesere wa karatasi. Wa kwake wana mabega, viwiko na magoti, na kila kiungo kimefungwa kwa uzi, fundo mbele na fundo nyuma. Ukimvuta mguu, anapiga hatua.

Mimi nilikuwa fundi wa kujalidi vitabu, enzi vitabu vikishonwa. Siku hizi ni gundi tupu. Ukifungua mara ya tatu kurasa zinakudondokea mapajani. Uzi wa dada niliuheshimu.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi watu watano, dada akiwa mmoja wao, hukutana chumba cha nyuma cha duka la madaftari. Kila mmoja huweka mezani mwanasesere ndani ya bahasha isiyo na jina. Bahasha huchanganywa, kila mtu huchukua moja, hufungua, na wenzake humuuliza: "Mkono wa nani?" Anapaswa kumtambua fundi kwa mkato na mafundo tu, kisha mwanasesere huwa wake: ndivyo wanavyobadilishana. Sharti ni moja: ukate mwenyewe. Asiyeweza tena kukata huhamia benchi la ukutani, akatazama. Fundi saa alilikalia miezi miwili. Mwezi wa tatu hakuonekana.

Dada aliliogopa benchi hilo kuliko kaburi. Mume alishafariki, wanawe hupiga simu kwa zamu, na Jumamosi ile ndiyo siku pekee anayovaa viatu vya kutokea.

Mwezi mmoja alikata mikono miwili ya kushoto. Hakugeuza kigezo, ile kadi ya kuchorea, kabla ya kuchora mkono wa pili, kosa la mtu anayejifunza. Bahasha ile ilimwangukia kinyozi, mmoja wa wale watano.

"Mkono wa nani?" wakamuuliza.

"Wa mama mpiga chapa. Ila leo katuletea bwana wa kushoto kushoto. Ukimpa salamu, sijui atakupa mkono upi."

Wakacheka, dada naye akacheka. Njiani kurudi nyumbani nilikuwa nimemshika kiwiko kumvusha barabara.

"Kaka, sikusahau," akasema. "Mstari sikuuona."

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hospitali walimwandika kwenye orodha ya upasuaji, na orodha hiyo haisogei.

"Lete vigezo," nikamwambia. "Nitakukatia mimi."

"Na sharti?"

"Nani atajua? Nimekata ngozi na kadi tangu hujaolewa."

Akanyamaza. Mimi nikakuchukua kunyamaza kule kuwa ndiyo.

Nilikata kwa kisu changu cha kujalidia, kile cha mpini wa mfupa. Kingo zilitoka safi kama za kitabu kipya. Yeye akafunga mafundo kwa kupapasa. Vidole vyake haviulizi macho kitu.

Jumamosi ilipofika nilikaa kwenye benchi, maana ndiko wageni hukaa. Bahasha ya dada ikamwangukia kinyozi tena. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa mkono, akarudia.

"Mkono wa nani?" akauliza mwalimu mstaafu, mwenye kusimamia meza.

"Fundo nalijua. Mkono siujui."

"Leo ndiyo mara ya kwanza kushindwa," mwalimu akasema.

"Huu umekatwa kwa kisu, mwalimu. Mimi nashika wembe kutwa nzima, najua. Hapa nani anatumia kisu?"

Nikaangalia viatu vyangu.

"Ni wa kaka yangu," dada akasema. Akafungua mkoba, akatoa bahasha ya pili. "Wangu huu hapa."

Sikujua kama ipo. Mwanasesere aliyetoka humo alikuwa na mguu mmoja mfupi, ukingo umetafunika kama kazi ya panya. Lakini mkono wa kulia ulikuwa wa kulia. Pembeni mwa mkato palijaa vitundu vya sindano: alikuwa ametoboa mstari mzima kwa kufuata kigezo, kisha akakata huku kidole kikimwongoza.

Mwalimu alivitazama vile vitundu kwa muda.

"Mwenzangu, macho?"

"Yamebaki kidogo sana."

"Umekata mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Kinyozi akamchukua yule kiguru, akamwingiza mfuko wa shati. "Mkono wa mama huu," akasema. "Hata gizani ningeujua." Mwanasesere wangu akamsukuma kando.

Dada alipata wake wa kubadilishana kama wengine. Kama mwezi ujao dada atahamia benchi, mwalimu hakusema, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Kurudi nyumbani nilimpa mkono nimwongoze. Hakuushika. Alitembea kwa kupapasa ukuta wa maduka, polepole, na barabarani akasubiri mama mmoja wa mboga amvushe.

Mwanasesere wangu yuko rafuni, juu ya vitabu nilivyojalidi. Tangu niache kazi sijakata kitu kilichonyooka hivyo. Hakuna aliyetaka kumpokea kwa kubadilishana.