Viatu Visivyoingia Kwenye Bahasha

Asubuhi moja ya ujana wangu, mwanangu, nilikaa kwenye benchi la wagonjwa katika kliniki moja ya Kisumu nikiwa mzima kabisa wa afya. Nilikuwa nimevaa tai ya baba yangu, na mapajani nilibeba bahasha yenye jina la daktari kwa wino wa dhahabu. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi na shahada ya biashara, na niliamini hakuna mlango usiofunguka kwa karatasi nzuri.

Nieleze kwanza nilifuata nini pale. Mjomba wangu Odera alikuwa na karakana mtaani Nyalenda, hapo hapo Kisumu. Alitengeneza viatu vya watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani: viatu viwili vidogo vya ngozi, vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, ambavyo mtoto huvaa akilala baada ya kutolewa plasta ya kunyoosha nyayo, ili miguu isirudi ilikotoka. Kazi yake ilikuwa safi. Lakini mama hanunui viatu vya namna hiyo mpaka daktari amwelekeze, na madaktari hawakujua kwamba Mjomba yupo. Waliwaelekeza akina mama Nairobi. Wenye nauli walikwenda. Wasio nayo walirudi nyumbani, na miguu ya watoto ikajipinda tena.

Mjomba alikuwa ameniambia waziwazi: "Krismasi ikipita hivi, nauza cherehani, narudi Katito kulima. Wewe si umesomea kuuza? Haya, uza."

Daktari tuliyemhitaji alikuwa mtaalamu wa mifupa ya watoto, ingawa pale kliniki alitibu kila aliyekuja. Akitamka neno, akina mama kutoka Sondu mpaka huku ziwani walilifuata. Kumwona bila kuumwa, hata hivyo, kulikuwa kazi ngumu, kwa sababu mbele ya mlango wake alikaa Mama Awuor, karani wa mapokezi, mwanamke mwenye mabega mapana na miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Nilikuwa nimempelekea vipeperushi vyetu mara kadhaa, na sijui viliishia wapi. Ndipo nikabuni bahasha: karatasi nene, rangi ya maziwa, na ndani barua iliyoanza, "Mshirika wako katika safari ya uponyaji." Usicheke. Mjomba alipoiona aliuliza harusi ni ya nani. Nilimwonea huruma tu kwamba hakusomea masoko.

Zamu yangu ilipofika, Mama Awuor aliipokea bahasha kwa vidole viwili, akaipima uzito kama mtu anayenunua dagaa wa omena, akanirudishia bila kuifungua.

"Baba, daktari ameshachanga mwezi huu."

"Huu si mchango, mama."

"Wote husema hivyo." Akavuta droo. Ilijaa bahasha, na nyingine zilikuwa nzuri kuliko yangu: harusi, karo, paa la kanisa, matanga ya watu ambao daktari hakuwahi kuwaona. "Huyu hapa anaoa mara ya pili kwa kadi ileile," alisema, akiinua moja. "Sasa wewe ni matanga ama ni harusi?"

Mzee mmoja mwenye mguu wa plasta alijibu kwa niaba yangu: "Na tai kama hiyo? Ni harusi! Huyo ni bwana harusi mwenyewe!"

Benchi zima likacheka, na mimi nikatoka na dhahabu yangu.

Kama umekulia huku kwetu, mwanangu, umeshaelewa. Daktari ni mtoto wa kijiji kizima, na kijiji kizima kina kadi. Siku hizi tunachangishana kwenye vikundi vya simu, na mtu anaweza kutoka kimyakimya usiku, lakini wakati ule kadi ilikuja mpaka mezani ikiwa imebebwa na binadamu mwenye sura ya huzuni. Kazi kubwa ya Mama Awuor ilikuwa kuzizuia. Nami, msomi, nilikuwa nimetumia akili yangu yote kutengeneza kitu kinachofanana kabisa na kadi ya mchango. Kadiri nilivyokipamba, ndivyo kilivyozidi kufanana.

Nilirudi Nyalenda kwa miguu, nikiwa na hasira. Hasira ilipopungua nilianza kujiuliza: ni kitu gani ambacho mtu wa Kisumu hawezi hata kwa bahati mbaya kudhani ni mchango? Nilipofika karakana nilichukua viatu vya mtoto kutoka rafuni, pamoja na chuma chake.

"Hivyo ni vya kuuza," Mjomba alisema.

"Ndiyo navipeleka kuuza."

Nilikata kipande cha boksi, nikakifunga kwenye chuma kwa uzi wa viatu, nikaandika kwa kalamu nene: SI MCHANGO. JARIBU KUVIVUNJA.

Mjomba alisoma, akasoma tena. "Na vikivunjika?"

"Kwani vitavunjika?"

Alinipokonya, akavigeuza huku na huku, akazikaza skrubu zote upya, kisha akanirudishia. "Peleka."

Kesho yake niliviweka mezani kwa Mama Awuor, nikaenda kukaa. Alivaa miwani. Akasoma. Akaniangalia juu ya miwani.

"Kwani unaniona sina nguvu?"

"Sijasema hivyo, mama."

Alikishika chuma ncha zote mbili, akakikunja. Hakikusogea. Alisimama, akajaribu tena akiuma midomo, halafu akaita nje: "Omera! Wewe askari! Kuja hapa uonyeshe kama unakula bure!"

Askari alikuwa jitu la kijana. Aliweka goti, akavuta mpaka shingo ikatoka mishipa. Hakikusogea. Mgonjwa mmoja aliyekuwa ameshika tumbo akiugulia alinyoosha mkono naye ajaribu. Viatu vikapita benchi zima, kila mtu akitoa nguvu zake na maoni yake, mpaka vikamfikia mama mmoja mdogo aliyempakata mtoto. Yeye hakuvivunja. Aliingiza vidole ndani ya kiatu kimoja, akapapasa ngozi, akaniuliza, "Vinashonwa wapi?"

"Hapa Nyalenda."

"Hapa hapa?"

Kelele zilikuwa zimezidi. Mlango ukafunguliwa, daktari mwenyewe akatoka. "Mama Awuor, kuna nini?"

"Daktari, hivi viatu vimekataa kuvunjika."

Alivichukua, akasoma kile kipande cha boksi. Chuma hakukigusa. Aliweka kidole gumba chini ya kifungo cha mkanda, akavuta kwa pembeni, na kifungo kikachomoka, tap! Kikaanguka sakafuni. Nakwambia, nilimwona Mjomba yuko shambani Katito na jembe mkononi.

"Mtoto huvuta hapa," daktari alisema. "Havuti chuma. Havuti kule mnakong'ang'ana. Huvuta hapa, usiku mzima." Kisha akavigeuza, akatazama mishono kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. "Nani ametengeneza?"

"Mjomba wangu."

"Mwambie aje kesho mapema, kabla sijaanza wagonjwa. Kifungo nitamwonyesha. Hiki chuma asikibadilishe hata kidogo."

Mjomba alikwenda. Alirudi akavua shati lake la kanisani, akakaa kwenye cherehani, na kutwa nzima akapiga mluzi. Krismasi ilipita akiwa palepale. Mama yule mdogo alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuletwa kwetu na karatasi ya daktari, na baada yake wakaja wengine wengi. Leo nikipita Nyalenda nikiwaona vijana wanacheza mpira, siwezi kukuonyesha ni yupi aliyelala na viatu vyetu. Wote wanakimbia sawa. Najivunia hilo kuliko shahada yangu, na shahada yangu, kama unavyojua, nimeitundika sebuleni.

Basi nisikilize wewe unayetaka kumfikia mtu asiye na nafasi. Usimchukie aliyekaa mlangoni. Jiulize kwanza amechoshwa na nini, usije ukamletea kilekile. Punguza maneno ya kujisifu, mpe mtu kazi yako aishike mwenyewe. Na ikiachia mahali mbele ya watu, usikimbie, kwa maana anayekuonyesha palipoachia ameshaanza kuitaka kazi hiyo.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akupe kazi ngumu kuvunjika, akupe watu wakali wa kuivuta, na siku watakaposhindwa kuivunja, akujalie uwe umesimama hapo unawatazama.